Pumzi ya Jirani Yetu: Mazoezi ya Nyumbani kwa Wenye Maradhi Sugu ya Mapafu

(Mazungumzo yaliyotolewa msikitini baada ya sala ya Alasiri)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad s.a.w., tunawashukuru wazee wa msikiti kwa kutupatia nafasi hii. Tunaosema nanyi ni watu wa kamati ndogo ya afya ya jamaa hii. Tumeombwa tulieleze jambo ambalo kwa desturi halizungumzwi katika majlisi kama hii, nalo ni hali ya ndugu zetu wanaoishi na maradhi sugu ya mapafu, na namna wanavyoweza kuupatia mwili nguvu wakiwa majumbani mwao. Lakini kabla ya kufika huko yatupasa tuanze na kosa letu wenyewe.

Palikuwa na mzee mmoja katika msikiti huu, jina lake hatutalitaja, ambaye kwa miaka mingi hakukosa safu ya kwanza. Alfajiri alikuwa akifika kabla ya mwadhini. Kisha akaanza kupungua. Kwanza aliacha Alfajiri, kisha Isha, mwisho hata Ijumaa hatukumwona. Watu wakasema. Wako waliosema kuwa amepoa katika dini, na wako waliosema kuwa amekasirikia kamati ya ujenzi. Maneno hayo sisi tuliyasikia wala hatukuyakanusha, na baadhi yetu, Mwenyezi Mungu atusamehe, tuliyaongezea chumvi. Ikapita miezi kama saba ndipo wawili miongoni mwetu walipokwenda kumjulia hali.

Walimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ameitegemeza juu ya magoti, mabega yamepanda, anahema kama mtu aliyetoka kukimbia. Naye alikuwa ametoka tu uani kutawadha. Kutoka kwake hadi hapa si zaidi ya hatua mia tatu. Alitueleza kuwa alijaribu kuja mara mbili; zote mbili aliishia kwenye duka la kona, akakaa chini kutafuta pumzi, na watoto waliokuwa wakicheza pale wakamcheka. Akaona haya. Akarudi kwake na hakutoka tena.

Mzee huyu alivuta sigara katika ujana wake, kisha akaacha. Baadaye aliugua kifua kikuu, akatibiwa, akapimwa akaonekana amepona. Lakini pumzi haikurudi kama ilivyokuwa. Alipokwenda kuuliza aliambiwa neno moja: apumzike. Basi mkewe na wanawe, kwa mapenzi waliyonayo kwake, wakamkataza kila kazi. Maji alichotewa, chakula aliletewa kitandani, hata viatu alivalishwa. Na kadiri walivyomhudumia ndivyo alivyozidi kudhoofika, nao hawakujua kwa nini.

Ndugu zangu, yafaa tueleze kwa nini.

Maradhi sugu ya mapafu ni ya namna nyingi. Lililo mashuhuri zaidi ni lile ambalo njia za hewa ndani ya mapafu husinyaa na kujaa makohozi, na vifuko vidogo vya hewa huharibika, hata hewa ikaingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 katika mwaka 2021, ukawa wa nne miongoni mwa visababishi vya vifo duniani. Kadhalika limeeleza kuwa katika wanaokufa kwa ugonjwa huo kabla ya kufikia umri wa miaka 70, karibu asilimia 90 ni watu wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Wako pia wenye pumu ya muda mrefu, wako waliovuta vumbi la mawe katika machimbo, kama baadhi ya wachimbaji wa Mererani, na wako wengi sana ambao kifua kikuu kilipona lakini kiliwaachia makovu mapafuni. Hawa wa mwisho aghalabu husahauliwa, kwa kuwa cheti chao kimeandikwa kwamba wamepona.

Sasa, mtu mwenye mapafu ya namna hiyo akitembea, huhema. Kuhema kunatisha, aliyepatwa na hali hiyo anajua kuwa hakuna hofu inayofanana na ya kukosa pumzi. Basi hujiepusha na kutembea. Asipotembea, misuli ya mapaja na miguu hunyauka. Na misuli dhaifu ina tabia moja: haiwezi kuitumia vyema oksijeni inayoletewa, hivyo hata kwa kazi ndogo hutoa asidi mapema, na asidi hiyo huuamuru mwili upumue kwa kasi zaidi. Kwa hiyo safari iliyomtaabisha kidogo mwaka jana, mwaka huu inamtaabisha mno, ingawa pengine mapafu yenyewe hayakubadilika sana. Yeye hudhani ugonjwa umezidi. Hupumzika zaidi. Na misuli huzidi kunyauka. Mzee wetu alikuwa amezungushwa katika gurudumu hilo kwa muda wa mwaka mzima, nasi tulikaa barazani tukimsema.

Msidhani kuwa kosa hili ni la watu wasiosoma tu. Kwa miaka mingi hata madaktari wa nchi zilizoendelea waliwaamuru wagonjwa wa mapafu walale na kujihifadhi. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa Marekani, Alvan Barach, aliandika kuwa wagonjwa wake waliozoezwa kutembea walipata nguvu, lakini wengi hawakumsikiliza. Katika miaka ya 1960 Thomas Petty na wenzake huko Denver waliwaandalia wagonjwa wao mpango kamili wa mafunzo, pumzi na mazoezi. Tangu hapo majaribio yamefanywa mengi. Mwaka 2015 watafiti wa shirika la Cochrane waliyakusanya majaribio 65 yaliyohusisha wagonjwa 3,822, wakaona kuwa wale waliopewa mazoezi na mafunzo walipungukiwa na kuhema, waliweza kutembea mbali zaidi, na maisha yao yalikuwa na raha zaidi kuliko wenzao waliopewa matibabu ya kawaida peke yake. Ushahidi ulikuwa mzito kiasi kwamba ilisemwa hakuna haja tena ya kufanya majaribio ya kuuliza kama jambo hili linafaa kwa ugonjwa ule wa njia za hewa. Kilichobaki ni kuuliza litawafikiaje watu.

Kwa lugha ya wizara zetu za afya jambo hili huitwa utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wake wa kuishi na kushiriki na wenziwe. Napenda, au tuseme tunapenda, neno hili, kwa kuwa ndani yake limo la kutengemaa.

Jirani zetu wa Uganda wametupatia mfano ulio karibu nasi zaidi. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari na wataalamu wa viungo waliwachukua watu waliobakiwa na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu, wakawafanyisha mazoezi mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Watu 34 walianza, na habari za 29 zikahesabiwa. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 45, yaani si wazee, bali watu wenye watoto wa kulisha. Walipimwa kwa kutembea kati ya alama mbili kwa mwendo unaoongezwa kidogo kidogo mpaka mtu ashindwe. Mwanzo walifika mita 299 kwa wastani. Mwisho wa wiki sita walifika mita 377. Na wiki sita baada ya mafunzo kwisha walikuwa bado kwenye mita 374. Hata maumivu ya kifua yalipungua kwa wengi wao. Jaribio hilo lilikuwa dogo wala halikuwa na kundi la kulinganishia, na hilo yafaa lisemwe kwa uaminifu. Lakini kwa mtu anayeishia kwenye duka la kona, mita sabini na kitu ni tofauti kati ya kukaa nyumbani na kufika msikitini.

Huenda mtu akasema: Mulago ni hospitali kubwa, sisi tutafanyaje? Swali hilo limekwisha kuulizwa hata Ulaya na Australia, kwani huko pia wagonjwa wengi hawafiki hospitalini. Anayehema hawezi kupanda mabasi mawili kwenda kufundishwa namna ya kutohema! Huko Melbourne, Anne Holland na wenzake waliwagawa wagonjwa 166 katika makundi mawili. Kundi moja lilikwenda hospitalini kwa wiki nane kama ilivyo desturi. Kundi la pili lilibaki nyumbani: mtaalamu wa viungo aliwatembelea mara moja tu, kisha akawapigia simu mara moja kila wiki kwa wiki saba. Hawakupewa mashine. Walitembea, walitumia vitu vilivyomo ndani ya nyumba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa wiki nane zilipokwisha, waliobaki nyumbani hawakupitwa na wenzao katika mwendo, na walioshika ratiba hadi mwisho walikuwa wengi zaidi miongoni mwa wa nyumbani. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja faida ilikuwa imefifia katika makundi yote mawili, maana mwili haudumishi nguvu usiyoitumia. Kabla yao, mwaka 2008, Maltais na wenzake wa Kanada waliwajaribu wagonjwa 252 nao wakaona kuwa mazoezi ya nyumbani hayakuwa duni kuliko ya hospitali katika kupunguza kuhema.

Ziara moja na simu saba, ndugu zangu. Tulipoyasoma hayo tulitazamana. Msikiti huu una vijana wangapi wenye simu?

Sasa tueleze yanavyofanywa, nasi twaomba msikilize kwa makini, kwa kuwa jambo jema likifanywa kwa pupa hudhuru.

La kwanza si mazoezi bali ni kipimo. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku, anayekonda, na apimwe makohozi kwanza, hata kama aliwahi kuugua kifua kikuu na kupona, kwa kuwa ugonjwa huo hurudi. Anayehema na apimwe na daktari: moyo wake, presha yake, wingi wa damu yake, na akipata bahati, apulize kile kipimo cha spirometa kinachoonyesha njia za hewa zimebana kiasi gani. Mwenye maumivu ya kifua anapotembea, mwenye kuzimia, mwenye ugonjwa wa moyo ambao haujatulia, huyo asianze mpaka daktari aseme. Na mwenye pampu ya kuvuta dawa na aonyeshwe tena namna ya kuitumia, maana tumekuta nyumba baada ya nyumba dawa inaishia ulimini. Pampu inafaa ipitishwe katika chombo cha kati. Kisipopatikana cha kununua, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu hufanya kazi hiyo. Watafiti wa Cape Town waliwajaribu nacho watoto wenye pumu mwaka 1999 wakaona hakikupitwa na kile cha dukani.

Kisha huja pumzi. Mgonjwa hufundishwa kuvuta hewa kwa pua taratibu huku akihesabu moja, mbili. Kisha kuitoa kwa midomo iliyobanwa, akihesabu hadi nne, kama mtu anayepuliza kibatari kwa namna ambayo mwali utikisike lakini usizimike. Sababu yake ni kwamba katika mapafu haya hewa hunaswa ndani. Mgonjwa hulia kwamba hewa haiingii, kumbe kifua kimejaa hewa kuukuu isiyotoka. Midomo ikibanwa, njia za hewa hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi, na ile iliyonaswa hupata kutoka. Akizidiwa, na akae ainame mbele kidogo, vigasha vya mikono juu ya mapaja. Au akiwa njiani, aegemee ukuta au mti. Mzee wetu alikuwa ameligundua kao hilo peke yake kabla ya kufundishwa na yeyote.

Ndipo kutembea. Hapa ndipo watu wanapokosea kwa njia mbili: wengine hutembea kwa ushujaa mpaka wakaanguka, na wengine huacha mara pumzi inapoanza kwenda mbio. Kuhema katika mazoezi si hatari, maadamu ni kwa kiasi. Wataalamu hutumia kipimo cha kuanzia 0 hadi 10, kilichotokana na kazi ya Gunnar Borg wa Uswidi, ambapo 0 ni kutohema kabisa na 10 ni ukomo wa mtu. Mgonjwa hutakiwa afike kwenye 3 au 4. Kwa maneno mepesi, aweze kusema sentensi fupi, lakini asiweze kuimba kaswida. Akishindwa kusema, na apunguze; akiweza kuimba, na aongeze. Aanze na dakika zile anazoziweza, hata zikiwa mbili, apumzike, kisha tena, mpaka jumla yake siku baada ya siku ikafika dakika 20 hadi 30. Afanye hivyo siku tano katika wiki, na asipungue siku tatu, kwa muda wa wiki nane. Nguzo za umeme ni kipimo kizuri cha mwendo, na huwa hazihami. Wakati mwema ni asubuhi jua halijawa kali, au jioni, wala si saa ile majiko ya mtaa mzima yanapowashwa.

Siku mbili au tatu katika wiki aongeze mazoezi ya nguvu. Kuinuka kutoka kwenye kiti bila kushika na kuketi tena, mara tano, kisha nane, kisha kumi. Kuinua mikono akiwa na chupa za maji, na tukumbuke kuwa lita moja ya maji ni kilo moja barabara, kwa hiyo chupa ya nusu lita yatosha kuanzia. Kusukuma ukuta. Kupanda kidaraja kimoja cha kizingiti na kushuka. Na siri ya yote ni kutoa pumzi wakati wa jitihada: anapoinuka apulize, anapoketi avute. Akina mama waliokatazwa kazi za nyumba na warudishiwe baadhi yake kwa kipimo hicho hicho. Kukunja nguo ni zoezi, na kufagia chumba kimoja ni zoezi, kwa sharti kwamba vumbi litanguliziwe maji.

Kuna dalili za kuacha papo hapo: maumivu ya kifua, kizunguzungu, midomo kugeuka rangi, kuchanganyikiwa akili, au pumzi isiyotulia hata baada ya kupumzika na kuvuta dawa. Homa ikipanda, makohozi yakizidi na kubadilika rangi, au damu ikionekana, huo ni wakati wa hospitali. Akitibiwa na kupata nafuu, aanze tena chini kuliko alipoishia, asivunjike moyo. Mwenye mtungi wa oksijeni nyumbani ajue kuwa sigara, kibatari na jiko haviwi chumba kimoja na mtungi huo.

Hapana budi tuseme na hili: mazoezi hayaponyi mapafu. Pafu lililoharibika halioti upya. Tunalisema kwa sauti kwa kuwa wako watu wanaopita mitaani, na wengine hupiga kambi nje ya misikiti siku ya Ijumaa, wakiuza chupa za dawa ya kusafisha mapafu na kuyarudisha kama ya mtoto. Fedha ya mgonjwa ikiliwa huko, ya pampu hukosekana. Tunachoahidi sisi ni kidogo, nacho ni cha kweli: miguu yenye nguvu huomba hewa kidogo, na mtu aliyezoea kuhema kwa kiasi haogopi tena kila pumzi.

Tuingie katika ibada, maana ndiko swali la kwanza la mzee wetu lilikokuwa. Aliuliza: je, nikikaa kwenye kiti sitapungukiwa? Ninyi nyote mnaijua ruhusa aliyopewa mgonjwa ya kusali kwa kukaa asipoweza kusimama, na kwa ubavu asipoweza kukaa. Lakini kuijua ruhusa ni jambo moja, na kumpisha mwenzako aitumie bila kumkodolea macho ni jambo lingine. Anayeweza kusimama kwa Fatiha na asimame, kisha aketi. Ambaye sujudu humbana tumbo na kifua na aashirie. Anapoinuka na atoe pumzi polepole, imamu hatamwacha mbali, nasi twawaomba maimamu wetu wakumbuke lile walilofundishwa la kuwahurumia walio dhaifu katika safu. Kutawadha na afanye akiwa ameketi, maji yakiwa karibu. Kuhusu saumu, mgonjwa asiache dawa zake kwa kuwaogopa watu. Juu ya pampu wanazuoni wamehitilafiana: wengi wa zama hizi huona haifunguzi, wako wanaoona inafunguza. Na amwulize sheikh wake pamoja na daktari wake kabla ya Ramadhani kuandama, si siku ya tatu akiwa amelazwa.

Na tuseme la ubani na udi. Tunajua twagusa jambo linalopendwa. Chetezo kinapozungushwa katika safu, mwenye mapafu mabovu huwa kama aliyefungiwa jikoni. Tunaomba kisiwashwe wakati watu wamo ndani. Harufu nzuri ina njia nyingine. Mazulia na yapigwe vumbi nje, si dakika kumi kabla ya adhana.

Moshi ulio mkubwa zaidi ni ule wa majumbani mwetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa ndani ya nyumba ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Katika nyumba tulizotembelea tumewaona mabibi ambao hawakuvuta sigara hata siku moja na vifua vyao ni sawa na vya wavutaji, kwa kuwa wamepuliza mafiga kwa miaka arobaini. Wao ndio waliopika pilau ya kila maulidi na kila hitima tuliyoila, wamefungiwa katika kibanda cha makuti kisicho na dirisha. Tukila tulisifu ubukwa wa nyama. Kumwambia bibi kama huyo afanye mazoezi asubuhi na jioni arudi kwenye moshi ule ule ni kuchota maji kwa pakacha. Basi asiyeweza gesi na apikie nje, au atoboe dirisha na kuinua paa. Kuni ziwe kavu. Na mgonjwa asiwe ndiye mpishi. Kibanda cha jiko la msikiti tumekwisha kukipima, na fundi amesema kuta mbili zaweza kuondolewa kwa kazi ya siku moja.

Linabaki la kutekeleza. Tumeorodhesha nyumba kumi na moja. Kila nyumba itapewa vijana wawili, na kwa akina mama watakwenda akina dada. Hao si matabibu, wala hawatabadili dawa ya mtu. Mtaalamu wa viungo amekubali kuwafundisha jioni mbili na kwenda nao katika ziara ya kwanza ya kila mgonjwa, amtazame anavyotembea na kumwandikia kiasi chake. Baada ya hapo kazi ya kijana ni ndogo: kumpigia mzee wake simu kila wiki, siku ile ile, saa ile ile, na kumwuliza mambo matatu. Umetembea siku ngapi? Pumzi ilifika namba ngapi? Nini kilikuzuia? Naye aandike katika daftari. Akisikia dalili tulizozitaja, asingoje wiki ijayo. Wiki nane zikitimia simu zisikatike ghafla, bali ziwe za kila mwezi, kwa sababu ile tuliyoiona huko Melbourne.

Mzee wetu yeye alianza kabla ya orodha hii. Siku ya kwanza alitembea kutoka kitandani hadi mlango wa uani mara nne, akakaa kati ya kila moja. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akihesabu, na akapewa daftari la shule kuandika. Wiki ya tatu alifika kwenye mwembe ulio mbele ya nyumba. Wiki ya tano aliugua mafua, akarudi nyuma kabisa, na akasema hataki tena. Mkewe ndiye aliyemtoa nje, yule yule aliyekuwa akimkataza. Wiki ya tisa alilipita duka la kona. Mwenye duka alikuwa amemwekea kiti cha plastiki kivulini, naye akakitumia.

Bado hafiki Alfajiri, baridi humbana. Isha kuna giza na njia ina mashimo. Lakini Alasiri ya leo amefika, na yumo humu ndani, kwenye kiti cha tatu upande wa dirisha. Ametupa ruhusa ya kuyasimulia haya kwa sharti tusimtaje jina, na kwa sharti la pili kwamba tuwaambie ninyi nyote anataka kumwona kila aliyemsema. Foleni ianzie kwetu sisi wa kamati.

Daftari la kujiandikisha vijana liko kwa katibu, mlango wa kushoto. Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakaatuh.